Likizo ya Mpagazi

Miaka ishirini na miwili Aminiel
amebeba likizo za watu kichwani:
mahema yao, viti vyao vya kukunja,
choo chao cha plastiki, ndiyo, hata hicho,
kutoka lango la Machame hadi kwenye barafu.
Magoti yakastaafu kabla yake.

Siku aliyorudisha jaketi la kampuni
nikamuuliza, "Na wewe sasa utapumzikia wapi?"
Akainua kidevu kuelekea ukutani,
kwenye kalenda ya duka la matairi, ya mwaka juzi,
ambayo hataki niitoe:
mji wa jangwani, nyumba rangi ya mkate,
mitende, ngamia mmoja kapiga magoti.
"Pale," akasema. "Mahali pasipo na baridi."

Nauli ya pale hatuna, wala hatukujifanya tunayo.
Tulishuka tu.
Moshi hadi Boma Ng'ombe, kisha bodaboda mbili
zikatuingiza tambarare ya Rundugai,
ambako mvua hupita juu kwa juu
kama tajiri asiyesalimia.

Vumbi. Sikujua kama vumbi lina aina:
lile jekundu linalokaa kwenye nyusi,
na lile jeupe, laini kama unga wa muhogo,
linaloingia hata ndani ya saa.
Miiba. Mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma
wakichuma majani ya mgunga
kama watu wanaoanua nguo.
Aminiel alicheka ndani ya kitambaa:
"Mama Haikael, huu ndio mji wangu!
Tazama maghorofa!"
Akanionyesha vichuguu.

Kisha, ghafla, miti.
Mikuyu minene, mizizi imepiga mbizi,
na chini yake maji
ya buluu ambayo sina cha kuifananisha,
labda ule wino wa shule tulioumwaga tukachapwa.
Ya uvuguvugu. Unaona hadi kokoto ya mwisho.
Vijana wanajirusha kwa kamba wakipiga yowe,
wageni wamelala juu ya mipira ya matairi,
na mume wangu, jamani, mume wangu
akaenda kumpokea begi bibi mmoja
aliyekuwa akishuka ukingoni.
"Weka chini," nikamwambia. "Leo umelipa kiingilio."

Mlima aliujua: hewa yake nyembamba,
mawe yake kwa majina.
Kina hakukijua.
Alishika mzizi kama mtoto anayeshika pindo la kanga.
Nikamkodia mpira, ule mkubwa, wa trekta,
akakaa katikati, miguu ikining'inia majini;
vidole viwili havina kucha,
baridi ilizichukua usiku mmoja pale Barafu
alipompa mgeni soksi zake.
Visamaki vikaja kudonoa hapo hapo.
"Vinanidai nini hivi?" akauliza.
Kisha akanyamaza.
Mpira ukazunguka polepole, ukazunguka tena.
Mlima ulikuwa nyuma ya miti, nyuma ya mawingu,
na sikumwona akiutafuta.

Jioni, kijana aliyetulindia kandambili,
Loishiye jina lake,
alikuwa amezipanga jozi jozi, amezifuta.
Aminiel akatoa noti ya elfu kumi.
Nikamkanyaga mguu: nauli yetu ilikuwa humo.
Hakugeuka. Alikuwa akivitazama vidole vya yule mtoto
vikiikunja noti mara nne, haraka, bila kuiangalia,
kama mtu asiyetaka aonekane anahesabu.
"Hivyo hivyo," Aminiel akasema, si kwangu.
"Hivyo hivyo nilikuwa nakunja."

Tulirudi kwa bodaboda moja, watatu tumebanana,
mimi nimenuna hadi lami.

Nyumbani akavua viatu, akavikung'uta barazani:
vumbi jeupe likatengeneza kilima kidogo sakafuni,
kina mteremko, kina kilele.
Nikachukua ufagio.
"Acha," akasema,
amekaa, miguu ameinyoosha.
"Acha hadi kesho. Bado niko likizo."